Sitaitia Sahihi Fomu ya Mdogo Wangu

Kwa Daktari Mkuu,
Kituo cha Afya.

Kupitia kwa Muuguzi wa Dirisha la Methadoni (ambaye najua ataisoma kwanza, na asijifanye hakuisoma).

Ndugu Daktari,

YAH: KUKATAA KUTIA SAHIHI FOMU YA DOZI YA NYUMBANI

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, ukizingatia mahali unapofanyia kazi. Mimi si mzima sana, lakini hilo nitalieleza mahali pake.

Jumatatu mdogo wangu aliniletea fomu kutoka kwenu, imekunjwa mara nne, ina mhuri wa kituo na mstari mtupu chini palipoandikwa "Ndugu Msimamizi". Ndugu msimamizi ni mimi. Nimeisoma mara tatu, kwa miwani na bila miwani. Kwa ufupi inasema hivi: mdogo wangu, aliyetumia unga kwa miaka kumi na miwili, sasa ana mwaka mmoja na miezi minne akija dirishani kwenu kila asubuhi kunywa methadoni, dawa ya kushika nafasi ya unga, mbele ya muuguzi, mahudhurio yake ni mazuri, na kwa hiyo mko tayari kumpa dozi za wiki nzima akanywe nyumbani, mradi ndugu msimamizi athibitishe kwa sahihi kwamba anamwamini na kwamba dawa itakaa kwenye kisanduku chenye kufuli.

Najua pia kwa nini ameiomba. Karakana ya samani iliyo nyuma ya soko imemkubali kwa kazi ya kupiga msasa na vanishi. Wanaanza saa moja kamili asubuhi. Dirisha lenu linafunguliwa saa mbili. Fundi mkuu wa karakana amesema atamshikia nafasi hadi Ijumaa, baada ya hapo anampa mtu mwingine. Bila sahihi yangu hakuna dozi ya nyumbani, na bila dozi ya nyumbani hakuna kazi. Hakuna neno nililokosa kuelewa. Nimeelewa yote, na sitii sahihi.

Huenda hamnijui. Mimi ni mtunza stoo mstaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja nilitunza stoo ya shule ya bweni, na katika muda huo wote kilichopotea ni ndoo moja, nayo ilipatikana kichwani mwa mwalimu wa michezo siku ya mvua. Kitu hakikutoka kwangu bila sahihi na hakikurudi bila kukaguliwa. Mtu wa namna hiyo hatii sahihi ovyo ovyo. Sababu zangu naziorodhesha hapa chini, kwa heshima zote.

1. Njia yenu haifuati utaratibu wa stoo.

Katika stoo kuna mambo mawili tu: kitu kimo, au kitu hakimo. Ninyi mmeleta jambo la tatu mnaloliita kupunguza madhara. Mara ya kwanza nilipokanyaga kituoni kwenu nilikuja na hasira zangu, natafuta mtu wa kugombana naye, kwa sababu nilisikia mnampa mdogo wangu sindano mpya, zikiwa bado kwenye karatasi zake, kabla hata hajatamka kwamba anataka kuacha. Muuguzi wa dirishani alinivutia kiti. Nilimwambia kwamba shuleni kwetu wanafunzi walipovunja vioo kwa mawe, hatukuwagawia mawe laini. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akajifuta macho, akasema kwa upole, "Baba, kwanza abaki hai. Akiwa hai tutaongea naye habari ya kuacha. Akifa tutaongea na nani?"

Nilikirudisha kiti mahali pake nikaondoka, na mtu wa umri wangu hapendi kuondoka hivyo mbele ya foleni.

Naomba ijulikane kwamba sisi kama familia tulikuwa na njia yetu, tena haikuhitaji vikombe vya plastiki. Tulimfungia chumbani siku tisa. Mimi ndiye niliyekaa mlangoni na ufunguo. Arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ilimpiga, akatapika, akatetemeka, akanitukana matusi ambayo sikujua kwamba anayajua, na siku ya nne akaanza kuniita mama. Siku ya tisa akatoka, amenyooka, macho maangavu, tukashikana mikono. Siku ya kumi na moja wakamleta juu ya mkokoteni wa mizigo, midomo imebadilika rangi, kwa sababu alikuwa amerudi kwenye kipimo chake cha zamani na mwili ulikuwa umeshakisahau. Waliomzindua ni watu wenu. Kwa hiyo njia yetu ilifanya kazi kwa asilimia mia moja, kwa muda wa siku mbili. Yenu inafanya kazi kidogo kidogo, kwa mwaka mmoja na miezi minne. Nawaachia wataalamu wapime wenyewe.

2. Makufuli yangu.

Fomu yenu inaniuliza, mimi, kama nina mahali pa kufungia kitu. Humu ndani mna makufuli kumi na saba. Jokofu lina kufuli. Kabati la vyombo lina kufuli, la nguo lina mawili. Redio niliipitishia mnyororo nikaufunga kwenye nondo za dirisha, ndiyo maana tunasikiliza habari tukiwa tumesimama. Vijiko vitatu vya sebuleni nilivifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza, na mgeni akitaka kukoroga chai ilikuwa inabidi ainame kidogo. Wageni walizoea. Wale ambao hawakuzoea waliacha kuja, na hatukuwahitaji sana.

Sasa yote hayo yanaharibika mchana kweupe. Mke wangu ameanza kuacha makabati wazi, anasema yapate hewa. Mwezi uliopita nilikuta jokofu halina kufuli, na nilipouliza liko wapi akaniambia amelipeleka kwenye banda la kuku. Mdogo wangu naye, ili ajizoeze kwa ajili ya karakana, aliomba aipige msasa meza ya sebuleni. Ili kufikia mguu wa meza alifungua kamba za vijiko. Meza inang'aa, nakiri, unaweza kujitazama. Lakini kamba hazikurudishwa, na siku tatu zilipita bila mtu yeyote kugundua isipokuwa mimi, ambaye nilivihesabu vijiko asubuhi, mchana na jioni. Vilikuwa vitatu kila mara.

Wiki iliyopita shangazi yetu, anayeishi nasi, alimtuma sokoni na mkoba wake mzima, kila kitu kikiwamo. Nilikaa barazani nikajiandaa kwa hotuba. Akarudi na mkoba mzima na nyanya nzuri. Hotuba ikanikaa tumboni na chakula cha mchana sikukimaliza.

3. Mmetuibia mwizi wetu.

Hili ndilo linalonikera kuliko yote, na nashangaa wataalamu hawakulifikiria walipopanga mpango wao. Nyumba yenye mwizi anayejulikana ni nyumba ya amani. Kwa miaka kumi na miwili mimi na mke wangu hatukugombana hata mara moja kwa ajili ya kitu kilichopotea. Mkasi haupo? Ni yeye. Mwavuli? Ni yeye. Kitana, betri za tochi, kiatu changu cha mguu wa kushoto? Ni yeye, ingawa sikuwahi kujiuliza kiatu kimoja angekifanyia nini. Mwenyewe hakubisha, maana mara nyingi ilikuwa kweli, na zile ambazo haikuwa kweli alikuwa hakumbuki.

Yeye sasa ameacha kuchukua, lakini vitu vinaendelea kupotea. Mkasi ulionekana chini ya godoro la shangazi. Mwavuli niliusahau mwenyewe kwa kinyozi. Kiatu kilikuwa juu ya paa la jiko, na mke wangu anakumbuka vizuri ni nani aliyemrushia paka. Kwa mwezi huu peke yake tumegombana mara tatu, watu wazima, tena kwa sauti ya kusikika nje.

Lakini baya zaidi ni ile kadi yenu ya mahudhurio. Kila asubuhi muuguzi anaijaza tarehe, saa na dakika, kisha anaigonga mhuri. Dakika mliombwa na nani? Sukari ya nyumbani kwetu imekuwa ikipungua kila siku kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi. Nilipolitaja jambo hili mezani, kwa nia njema kabisa, nikimtazama mdogo wangu kama nilivyozoea kwa miaka, hakukasirika. Aliitoa kadi mfukoni, akaiweka mbele ya mke wangu, akamweleza taratibu kwamba saa hizo, shemeji, yeye huwa dirishani. Mke wangu akaisoma kadi yote, mbele na nyuma, bila kupepesa macho. Kisha akanigeukia mimi.

Ndugu Daktari, kituo cha afya cha umma hakipaswi kutoa ushahidi dhidi ya raia mtulivu ndani ya nyumba yake.

4. Kuingiliwa katika mambo ya sukari.

Maadamu nimeshatajwa, nijieleze. Nina kisukari. Niliambiwa hapo hapo kwenu, chumba cha tatu kutoka dirishani, na yule daktari mrefu asiye na maneno mengi. Alisema: kuanzia leo, sukari basi, kabisa. Hiyo ndiyo njia ninayoiheshimu. Nilitii siku ile ile, na tangu hapo nimeacha sukari kabisa mara kumi na nne.

Nilikuwa na utaratibu wangu. Mdogo wangu akishatoka kwenda dirishani, na mke wangu akiwa uani na kuku, mimi naingia chumba cha akiba, natia komeo, nakula vijiko vyangu nimesimama, haraka haraka, halafu nasawazisha sukari kwa mgongo wa kijiko isionekane imeguswa. Siku moja foleni yenu ilikuwa fupi, akarudi mapema, na komeo lilikuwa halijashika. Akanikuta na sukari kwenye masharubu. Nilijikaza kusubiri matusi, kwa sababu mimi ningemtukana. Yeye alivuta debe tupu, akalikalia, akaniuliza, "Kaka, kwa siku ni vijiko vingapi? Sikuulizi ili nikuseme. Nataka tujue tunaanzia wapi."

Nikasema viwili. Akalisogeza debe karibu. Nikasema vitano. Akaendelea kunitazama, hana haraka, ana subira ile ile ya muuguzi wenu. Nikasema tisa, tena vile vya kupakulia. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi.

Tangu siku hiyo nimo ndani ya mpango ambao sikujiandikisha. Masharti yake ni kwamba nisile peke yangu mlango ukiwa umefungwa, maana nikianguka hakuna atakayejua. Nitumie kijiko cha chai. Nikila nimwambie, naye hatanisema. Na kila jioni nimwonyeshe nyayo. Hilo la nyayo lilinikasirisha sana, hasa kwa kuwa nilikuwa na kidonda kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, ambacho nilikuwa nimekificha ndani ya soksi kwa wiki tano. Alikiona jioni ya kwanza. Alishajifunza kwenu kukagua vidonda vya mikononi mwake, basi jicho lake limekuwa kali. Akanileta chumba cha tatu akiwa amenishika mkono, na daktari mrefu akasema ningechelewa wiki moja zaidi kidole kingekatwa. Sasa kila siku akirudi kutoka dirishani anapiga magoti, anakiosha na kukifunga kama alivyoelekezwa, huku akinieleza habari za foleni. Nayasema haya kama malalamiko. Mdogo mtu hapaswi kumwosha kaka yake miguu wakati kaka mtu ndiye msimamizi wa familia.

Tulishashuka hadi vijiko vitatu. Juzi nilipanda hadi sita kwa sababu ya kuiandika barua hii. Nilimwambia. Akasema kesho ipo, na tukaendelea kutoka hapo.

5. Adabu kupita kiasi.

Kule dirishani, mtu akishakunywa dawa anatakiwa aseme neno ili muuguzi ahakikishe kwamba ameimeza. Mdogo wangu alichagua kusema, asante dada. Sasa mdomo umezoea. Akinywa chochote, mahali popote, anasema asante, hata maji aliyojichotea mwenyewe. Anagonga mlango kabla ya kuingia katika nyumba aliyozaliwa. Anaamka kabla yetu na kufagia ua mpaka anavuka mpaka, hadi jirani alikuja kuuliza kama tuna nia ya kumnyang'anya kiwanja. Shangazi, aliyekuwa akimwombea saa nzima kila siku baada ya chakula, amebaki na saa nzima mikononi, na ameihamishia kwangu. Ananiombea kwa sauti, kwa kutoa mifano.

6. Sababu hii nimeifuta. Mke wangu ameisoma, akasema si kweli, na kwamba nikiipeleka atakuja kituoni kuikanusha. Namba naiacha ili mpangilio usivurugike.

7. Heshima yangu mtaani.

Kwa miaka yote ile mimi nilikuwa mtu wa kuonewa huruma, na nilijitahidi kuistahili nafasi hiyo. Kwenye kikao cha mtaa nilikuwa na kiti changu, na mwenyekiti akinipa nafasi nilizungumza dakika arobaini bila karatasi juu ya mzigo wa kuwa na ndugu wa namna ile. Watu walitikisa vichwa. Wengine walinishika bega wakati wa kutoka. Nilikuwa narudi nyumbani nimechoka lakini nimeridhika.

Siku hizi hodi ikipigwa kwetu anaulizwa yeye. Alianza yule kinyozi, ambaye binti yake ameingia kwenye unga. Alikaa kwenye kochi langu, akanisalimu vizuri, akaniuliza habari za mguu, kisha akauliza kama mdogo wangu yupo. Nilimwambia kwamba juu ya mada hiyo mimi nina uzoefu wa miaka kumi na miwili. Akasema anajua, na bado anamwomba mdogo wangu. Wakakaa wawili uani kwa muda mrefu. Mimi nilipita mara nne kuwaangalia kuku. Niliyoyadaka ni haya: asimfungie ndani, asimfukuze, amwambie tu dirisha liko wapi, na mlango wa kurudi nyumbani ubaki wazi. Kinyozi aliondoka amejifunika uso kwa leso.

Wiki iliyofuata walikuja kwenu watatu, kinyozi, binti na mdogo wangu, na kinyozi akafunga duka. Mimi nikaambiwa nisubiri wiki nyingine kunyolewa. Mkiniona na nywele hizi mjue chanzo chake ni mpango wenu.

8. Mlivyomvumilia alipoteleza.

Miezi miwili iliyopita alirudia. Ilikuwa siku moja, mnaijua, imo kwenye faili lenu. Kwetu stoo jambo la namna hiyo lina utaratibu wake: barua ya onyo ya kwanza ndiyo ya mwisho. Niliwategemea mumfukuze. Nilikuwa nimeshayatoa makufuli ya akiba kwenye gunia na kuyatia mafuta. Muuguzi wenu hakumfukuza. Alimpokea asubuhi yake kama kawaida, akamuuliza kimetokea nini, mkakitazama upya kipimo cha dawa, basi, mambo yakaendelea.

Hata hivyo si hilo hasa ninalolilalamikia. Ninalolilalamikia ni kwamba alikuja kwangu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na maneno yangu yote tayari, akaniwahi. Alisema, "Kaka, jana niliteleza. Dada wa dirishani nimeshamwambia. Nimeona na wewe uambiwe na mimi, usisikie kwa watu."

Ndugu Daktari, katika miaka yote ile mdogo wangu hakuwahi kuniambia kitu. Nilikuwa nagundua. Nilikuwa hodari wa kugundua, nilijua kusoma macho, mifuko, urefu wa mikono ya shati siku ya jua kali. Kuambiwa nilikuwa sijui kunakuwaje. Nikakiachia kitasa. Nikamuuliza kama amekula. Akasema bado, tukaingia ndani.

Tangu siku ile sijui kazi yangu humu ndani ni ipi. Nilikuwa namlinda yeye, au nalinda vitu asivichukue. Sikuwahi kuvitenganisha hivi viwili. Akianza kutoka saa kumi na mbili na nusu na kopo lake la chakula, dawa yake akiwa ameinywa mwenyewe chumbani kwake bila mtu kumtazama mdomo, mimi nitakaa mlangoni kufanya nini? Ninaogopa. Naogopa akiteleza tena, na naogopa asipoteleza tena, akawa mtu wa kazi kama watu wengine, nami nikabaki na gunia la makufuli. Nilitafuta kwenye fomu yenu mahali pa kuandika jambo hili sikupaona, kwa hiyo nimeliandika hapa.

Kwa sababu hizo zote, naomba kwa unyenyekevu:

(a) fomu iliyotajwa hapo juu ikataliwe, na ijulikane kwamba aliyekataa ni mimi;

(b) kadi za mahudhurio zisiandikwe dakika, na ikiwezekana hata saa;

(c) mdogo wangu aagizwe kwa barua rasmi aache kunihoji habari za vijiko mbele ya wageni;

(d) kituo kirudi kwenye njia ya kuacha kabisa kwa wagonjwa wote, isipokuwa mimi, ambaye naomba niendelee na vijiko vitatu hadi mwisho wa mwezi, kisha tuzungumze.

Nisalimieni muuguzi wa dirishani, na mwambieni ile hoja ya mawe laini bado sijaiacha. Msalimieni mlinzi wa geti, ambaye kufuli lake linahitaji mafuta, mafuta ninayo. Mpeni salamu daktari mrefu wa chumba cha tatu. Akiuliza, mwambieni nimeacha kabisa. Binti wa kinyozi, kama yumo kwenye foleni, mpeni salamu zangu za pekee, na baba yake mwambieni nywele zinaweza kusubiri. Na wote waliopanga mstari hapo asubuhi wakiwa wamejikunyata, nawasalimu pia, ingawa hawanijui.

Nabaki, bila kuyumba, isipokuwa kwa sababu ya mguu,

Mtunza Stoo Mstaafu,
Kaka wa mteja wenu.

Tanbihi:

Nilikusudia kuileta barua hii mwenyewe, lakini kwa bandeji hii mguu hauingii kiatuni. Ataileta mdogo wangu kesho Alhamisi, kwa kuwa anakuja huko hata hivyo. Bahasha sikuigundisha. Akitaka kuisoma njiani, aisome.

Fomu imo humo humo, nyuma ya ukurasa wa mwisho. Nimeitia sahihi. Palikuwa na swali juu ya mstari wangu, kama ninamwamini mhusika, na nafasi ya neno moja tu. Niliandika kurasa zote hizi nikitafuta la kuandika pale, kisha nikaandika Ndiyo, kwa wino. Tafadhali fomu ishughulikiwe kwanza, maana Ijumaa si mbali. Barua mnaweza kuisoma mkipata nafasi.

Atatoka hapa saa moja na nusu, na ni mwendo wa nusu saa. Kama barua hii haitakuwa imewafikia ifikapo saa tatu, nawaomba mnipigie simu upesi ili nije kumtafuta. Mke wangu amesoma hapa akasema ombi hili halina maana, kwa sababu barua isipofika hamtalisoma. Najua. Naliomba hivyo hivyo.